Waya Saba

Kaka yangu Elinami hakuwa fundi wa cheti.
Alikuwa na pasi moja ya kulehemu, mpini umefungwa kitambaa,
na mimi, mshika tochi, darasa la tano,
niliyekatazwa hata kupumua karibu na bodi.

Mashine ilitoka mitumbani Kiborloni,
imeviringishwa ndani ya koti la baridi lisilo na vifungo.
Muuzaji alidhani ni redio.
Tukamwacha adhani.

Kaseti tulikuwa tumeshazimaliza,
zile za michezo mia tisa tisini na tisa.
Tulihesabu usiku kucha: ilikuwa saba,
iliyobaki ni ile ile imevaa jina jingine.
Kaseti ikigoma, unaipuliza.
Ikigoma tena, unaipuliza kwa imani.

Diski ilikuja na kiburi chake.
Mashine iliionja, ikazunguka, ikanuna:
hii si ya nchi yako.
Nchi ipi? Kwenye ramani ya walioiunda
dunia ilikatwa vipande vitatu
na Moshi haikuangukia hata kimoja.

Mchoro tuliupata kwa dereva wa lori la Namanga,
fotokopi ya fotokopi,
mistari imefifia kama nyayo za kuku kwenye majivu.
Chipu ndogo kuliko ukucha wangu. Waya saba.
Chipu ya kwanza tuliichoma.
Ya pili ilikwenda na ada yangu ya mtihani.
Ya tatu: waya wa kwanza, wa pili,
usitikise tochi, we Aikaeli, usitikise,
wa tano, harufu ya utomvu ikapanda,
wa sita,
umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, pasi inapoa,
hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sauti.
Wa saba ulingoja alfajiri.

Ikasoma. Ikasoma kila tulichoipa.
Majengo nzima ikahamia sebuleni,
mia mbili nusu saa, mama anauza karanga humo humo.
Mwalimu Kisanga akatuita wezi.
Elinami akamjibu: nimevunja kufuli la mlango wangu.

Mimi kucheza kulinichosha mapema.
Nilitaka kujua kama mashine inayokubali kudanganywa
inakubali pia kufundishwa.

Miaka ikaenda. Ikaja nyingine, nyeusi, nyembamba,
hii haikutaka waya.
Ulificha maneno yako ndani ya kadi ya kumbukumbu
ukapita nayo kama mgeni aliyebeba mkungu wa ndizi:
nani humsimamisha mgeni aliyebeba ndizi?

Hapo nikapika mchezo wangu, nyumbani, kama mbege,
siku nyingi za kungoja, nyingine za kumwaga.
Hauna bunduki, hauna magari.
Una mfongo mmoja unaoshuka kutoka Kidia,
mashamba kumi na mawili ya migomba,
na jembe la kufungulia na kuzibia.
Ukichelewa, jirani anakaukiwa.
Ukizidisha, jirani anakuja na panga.

Mama Ndewingia alishika pedi juu chini,
akayatazama maji yangu ya buluu yakiteremka kwa vipande vipande.
Kimya.
Kisha: mwongo wewe.
Jumanne si zamu ya akina Njau.
Jumanne ni yetu, tangu enzi za baba mkwe.

Nikarudi mstari wa mia nne na kumi na mbili,
nikabadilisha jina moja.
Jioni ile akacheza hadi ugali ukaungua.

Elinami sasa yuko Ngarenaro, Arusha,
anafunga kamera na kufuli za umeme kwenye mageti ya watu.
Akipiga simu, kabla ya salamu:
ile ya kwanza, bado inawaka?

Inawaka. Sharti niilaze kifudifudi, lenzi imechoka,
na ule waya wa alfajiri umeota kutu ya kijani.
Nausogeza kidogo kwa njiti ya kiberiti.
Unashika.